Uzi wa bata: maswali yanayoulizwa sana na wafugaji wa Unguja na Pemba

Mleta mada (Shamba la Cheju)

Assalaam alaykum wanajamvi.

Maswali ya bata yamekuwa mengi katika jukwaa hili la mifugo, na nikiyasoma kwa pamoja naona karibu yote yana chanzo kimoja: mtu amenunua bata, akawatia katika banda la kuku, akawalisha chakula cha kuku, akawafungulia saa ya kuku, kisha akashangaa kuona mambo hayendi. Bata ni ndege wa maji, na hubaki kuwa ndege wa maji hata anapofugwa katika ardhi ya mawe ya Makunduchi, ambako hakuna bwawa wala mto na kila ndoo hutekwa. Nimeona ni bora tuwe na uzi mmoja wa kumwelekeza mtu, badala ya kila anayekuja kuanza upya. Nitaeleza kwanza yale ninayoulizwa mara kwa mara, kisha wenzangu muulize na muongeze.

Majibu mengi hutegemea ni bata gani tunayemzungumzia. Bata wanaofugwa duniani wametokana na jamii mbili. Ya kwanza ni ya bata mwitu wa nchi za kaskazini ambaye dume lake lina kichwa cha kijani, Anas platyrhynchos. Humo ndimo walimotoka bata weupe wa Pekin, Khaki Campbell wa Uingereza, na wale bata wakimbiaji wa Asia wanaotembea wima. Ya pili ni maskovi, Cairina moschata, aliyefugwa na wenyeji wa Amerika ya Kati na Kusini kabla Wazungu hawajafika huko. Huyu wa pili ndiye anayeonekana zaidi katika vijiji vyetu: mzito, mara nyingi mweusi na mweupe, na dume lake lina vinundu vyekundu usoni na linaweza kufikia uzito wa karibu mara mbili ya jike. Jamii hizi mbili hupandana na kupata watoto, lakini watoto hao huwa tasa. Kwa hiyo ukiwa na chotara wakubwa wenye afya, na mayai yao hayaangui hata moja, usitafute mchawi wala dawa.

Sasa nije kwenye maji, kwa sababu hapa ndipo penye makosa mengi zaidi. Si lazima uchimbe bwawa. Maskovi hupandana vizuri hata nchi kavu, na bata wa aina nyengine wepesi hufanya hivyo pia, ingawa wale wazito hupata tabu bila ya maji ya kuelea. Lililo la lazima ni chombo chenye kina cha kutosha ili bata azamishe kichwa chote. Mtazame kwa makini anapokula pumba: huchota mdomo mmoja au miwili, hukimbilia maji, huzamisha kichwa hadi juu ya macho, hupuliza mapovu kupitia puani, hutikisa kichwa, kisha hupangusa jicho kwenye bega lake. Anaosha matundu ya pua yaliyoziba kwa unga na kuondoa uchafu machoni. Ukimwekea chombo cha kunywea cha kuku, chenye maji ya kulowesha ncha ya mdomo tu, baada ya muda utamwona macho yanashikana kwa utando na pua zimeziba, nawe utakwenda kununua dawa ya macho ilhali dawa ni karai la maji. Liweke karai juu ya kokoto, kwa sababu bata atamwaga maji mengi kuliko atakayokunywa na pasipo na kokoto patakuwa matope. Wala usiwawekee chakula kikavu mahali pasipo na maji, kwani wanaweza kupaliwa.

Mdomo wenyewe unastahili maelezo. Pembeni mwake kuna safu ya vichana vyembamba vinavyochuja maji na tope na kubakisha mbegu, wadudu na konokono wadogo, na ngozi yake imejaa mishipa ya fahamu, hata bata anaweza kutambua chakula ndani ya tope bila ya kukiona. Ndiyo maana baada ya mvua ya masika utawakuta wanachokoa madimbwi gizani, wakati kuku wamekwisha kulala zamani.

Kuhusu kutolowa: juu ya mzizi wa mkia kuna tezi ya mafuta. Bata huichokoa kwa mdomo, kisha hupaka mwili mzima huku akiyapanga manyoya, na vijikulabu vidogo vya manyoya hayo hushikana vizuri na kuzuia maji kupenya. Kazi hii huhitaji kuoga. Bata aliyekaa muda mrefu bila ya maji safi ya kuogea huchafuka manyoya, na siku atakapoingia majini atalowa chapachapa, jambo linalowashangaza wengi.

Vifaranga ndio kilio kikubwa. Kifaranga wa bata huhitaji vitamini ya niasini kwa wingi kuliko kifaranga wa kuku. Kiwango kinachopendekezwa ni takriban miligramu 55 kwa kila kilo ya chakula. Akiikosa, miguu hupinda, vifundo huvimba, na hatimaye hutembea kwa kukaa. Wengi humwona hivyo wakadhani amekanyagwa. Ongeza hamira na dagaa waliosagwa katika chakula cha kuku, na ufanye hivyo mapema, kwa kuwa mguu uliokwisha kupinda sana haurudi. Mkate na wali mtupu huwashibisha bila ya kuwajenga. Machicha ya nazi ni mazuri kama nyongeza ilimradi yawe ya siku hiyo hiyo, kwa sababu yakilala huchacha.

Na hapa naomba nisisitize: usimpe bata njugu zilizoota ukungu, wala mashudu yake, wala mahindi yaliyovunda. Sumukuvu humwua bata mdogo kwa kiwango ambacho kuku angeweza kukistahamili. Sumu hii ilijulikana baada ya mwaka 1960, pale zaidi ya bata mzinga 100,000 walipokufa Uingereza kwa kulishwa mashudu ya njugu yaliyokuwa na ukungu. Katika hewa yetu ya unyevu, gunia lililowekwa chini sakafuni halihitaji muda mrefu kuharibika.

Kwa upande wa mayai, bata wengi hutaga alfajiri na mapema asubuhi. Ukiwafungulia jua likichomoza, kama unavyofungulia kuku, watataga vichakani na kwenye mitaro, nawe utasema hawatagi. Waache ndani hadi saa tatu. Maskovi hutaga kwa mizunguko, kisha huatamia; Khaki Campbell aliyetunzwa vizuri anaweza kufikia mayai 300 kwa mwaka, lakini hana hamu ya kuatamia. Mayai ya bata wa kawaida huangua kwa siku 28, na ya maskovi kwa siku 35 hivi. Ukiyaweka chini ya kuku, ambaye mayai yake ni ya siku 21, chagua kuku mkubwa mwenye subira, na uyanyunyizie maji ya vuguvugu kila siku katika nusu ya pili, kwa sababu mama bata hurudi kwenye kiota akiwa na manyoya yenye unyevu na kuku hafanyi hivyo.

Bibi wa Konde

Waalaykumu salaam, mwanangu. Uzi umekaa vizuri, Mwenyezi Mungu akulipe. Mimi nina swali la watu wa pwani. Bata wangu hushuka mikokoni maji yanapokupwa, wakala vijikaa na konokono, na hurudi maji yakijaa. Wakubwa wananenepa, lakini vifaranga waliofuatana na mama yao wamekufa wengi, tena bila ya kuharisha. Jirani yangu anasema ni chumvi, mwengine anasema ni jicho la watu. Nifuate la nani?

Mleta mada (Shamba la Cheju)

Shikamoo bibi. Mfuate jirani aliyesema chumvi.

Bata ana tezi mbili juu ya macho ambazo huchuja chumvi kutoka katika damu na kuitoa kupitia puani. Pengine umewaona wakubwa wakirudi pwani huku matone yanawachuruzika kwenye mdomo na wao wanatikisa vichwa. Tezi hizo hukua kadiri bata anavyozoea maji ya chumvi, kwa hiyo mkubwa aliyezoea huweza kula mikokoni bila ya tabu, ilimradi akirudi akute maji matamu. Kifaranga mchanga tezi zake bado hazina nguvu, na maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita moja. Akiyanywa kwa sababu hana mengine, hunyong'onyea, huyumba, na hufa pasipo dalili ya kuharisha, kama ulivyoeleza. Mzuie mama na watoto wake nyumbani hadi watoto waote manyoya kamili, na uweke karai la maji matamu njiani wanapopanda kutoka pwani. Hata maji ya kisima yenye ukakasi wa chumvi yaonje kwanza. Ambayo wewe mwenyewe huwezi kuyanywa usiwape vifaranga.

Jirani wa Mwera

Mimi nashukuru, ila kwangu adui si chumvi, ni kunguru. Huja watatu wanne, mmoja anamchokoza mama na wengine wanabeba vifaranga. Na usiku anakuja ngawa. Naomba pia kuuliza: ni kweli kwamba bata hulala jicho moja likiwa wazi? Mbona ngawa anawapata?

Mleta mada (Shamba la Cheju)

Ndugu yangu, kunguru hawa weusi wenye shingo ya kijivu si wenyeji wa visiwa hivi. Waliletwa kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 kwa nia ya kusafisha taka, na tangu hapo mayai na makinda ya ndege wengine hayana amani. Maskovi jike ni mkali na hupigana, lakini hawezi kuwatazama kunguru wa pande nne. Tandaza wavu wa zamani wa kuvulia juu ya ua mdogo wa vifaranga kwa wiki za mwanzo. Kamba chache zilizopitishwa juu hazitoshi, kwa sababu kunguru huzisoma haraka.

Kuhusu usingizi, ni kweli. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Indiana State nchini Marekani, Rattenborg, Lima na Amlaner, walionyesha kwamba bata huweza kulala kwa nusu ya ubongo huku nusu nyengine ikiwa macho, na kwamba wale waliolala ukingoni mwa kundi walifanya hivyo zaidi kuliko wa katikati, huku jicho lililo wazi likielekezwa upande wa nje ambako hatari ingetokea. Lakini kumwona ngawa si sawa na kumkwepa. Bata wazito hulala chini, hawaoni vizuri kwenye giza kama mwindaji wa usiku, na ndani ya banda lililofungwa hawana pa kukimbilia. Waya wa matundu madogo, uliozikwa kidogo ardhini, ndio utakaokulinda. Na uhakikishe mlango hauna mwanya, maana cheche hupita mahali ambapo usingedhani.

Kijana wa Chake Chake

Nawaomba radhi wakubwa zangu kwa swali hili. Dume langu la bata lina kitu chekundu kinachoning'inia nyuma tangu juzi, na wenzake wanakidonoa. Je, ni utumbo umetoka? Nimchinje?

Mleta mada (Shamba la Cheju)

Swali halina aibu, mdogo wangu, na linaulizwa na wengi. Ndege karibu wote hawana kiungo cha uzazi cha nje. Bata ni miongoni mwa wachache, takriban asilimia 3 ya jamii zote za ndege, ambao dume lina kiungo kinachotoka na kurudi ndani, tena kimejisokota. Mara nyengine kikishatoka hushindwa kurudi, kwa sababu ya kupanda kupita kiasi, uchafu, au uwiano mbaya wa madume na majike. Mtenge dume mara moja, peke yake, katika maji safi. Kioshe kwa maji safi yenye chumvi kidogo, kipake mafuta laini yasiyo na manukato ili kisikauke, na umwache apumzike bila ya majike. Kama bado ni chekundu na laini, mara nyingi hurudi chenyewe. Kikiwa cheusi na kikavu, mpeleke kwa daktari wa mifugo, au mchinje akiwa bado mzima.

Ili jambo hili lisijirudie, weka dume mmoja kwa majike wanne hadi sita. Madume mengi katika kundi dogo humwandama jike mmoja mpaka anyonyoke kisogo, na kwenye bwawa wanaweza hata kumzamisha. Usichanganye pia dume la bata na matetea wa kuku, kwani anaweza kuwaumiza vibaya kwa kiungo hicho hicho.

Maalim wa Mkunazini

Naomba kuchangia katika jambo ambalo najua litaulizwa. Bata ni halali, wala hakuna shaka katika madhehebu yetu ya Shafi. Wanaomchukia humchukia kwa kuwa hula uchafu wa mitaroni. Mnyama anayekula najisi kwa wingi huitwa jalala, na iwapo athari yake imedhihiri katika nyama kwa harufu au ladha, kauli yenye nguvu katika madhehebu ni kwamba kumla ni makuruhu hadi azuiliwe, alishwe kilicho safi, na athari iondoke. Imepokewa kwamba Ibn Umar alikuwa akimfungia kuku wa namna hiyo siku 3. Anayenunua bata wa mtaani afanye hivyo, ataridhika yeye na mgeni wake.

Mleta mada (Shamba la Cheju)

Ahsante sana Maalim. Kiafya pia ushauri huo una faida. Bata anayezurura majalalani anaweza kula funza waliotoka katika mzoga, na funza hao hubeba sumu inayolegeza misuli: shingo hulegea, bata hushindwa kuinua kichwa, na akiwa majini huzama. Ukiona shingo ya namna hiyo, tafuta mzoga ulipo kabla ya kutafuta dawa. Na mayai ya bata yapikwe yaive kabisa, kiini kigande, kwa kuwa vijidudu vya salmonela huweza kuwamo.

Mkulima wa Bumbwisudi

Nimesikia kwamba Wajapani hufuga bata ndani ya mpunga. Je, kwetu inawezekana, au mpunga wote utaliwa?

Mleta mada (Shamba la Cheju)

Inawezekana, kwa masharti. Mkulima Takao Furuno wa Fukuoka ameitumia njia hiyo tangu mwaka 1988: vifaranga wa bata hutiwa shambani wiki moja au mbili baada ya kupandikiza miche, kiasi cha 15 hadi 30 kwa kila mita za mraba 1,000. Hula magugu machanga, wadudu na konokono, huvuruga tope na hivyo kuzuia magugu mengine kuota, na kinyesi chao huwa mbolea. Jani la mpunga lina madini ya silika na hawalipendi sana. Masuke yakianza kutoka, bata hutolewa, maana nafaka wanaipenda.

Kwa maoni yangu njia hii inafaa pale penye maji ya umwagiliaji ya uhakika na mpunga wa kupandikiza kwa mistari, kama ilivyo katika sehemu ya bonde lenu. Kwa anayemwaga mbegu na kutegemea mvua, bata wataikuta mbegu kabla haijaota, na shamba likikauka watabaki kukanyaga miche. Gharama ya wavu wa kuzungushia nayo uihesabu mwanzo.

Bibi wa Konde

Nimefahamu, mwanangu. Jengine: kuku wetu mdondo ukiingia hufa wote na bata hubaki wazima. Ina maana bata hawaupati?

Mleta mada (Shamba la Cheju)

Huupata bibi, ila mara nyingi hauwaumizi kama unavyowaumiza kuku, na hapo ndipo penye hatari: bata anayeonekana mzima anaweza kuubeba ugonjwa na kuutoa kwenye kinyesi, kisha kuku wapya uliowanunua wakaanza kufa tena. Mafua ya ndege nayo huweza kubebwa na bata kwa namna hiyo hiyo. Chanja kuku wako mdondo kwa ratiba, tenganisha vyombo vya maji vya bata na vya kuku, na ndege wengi wakifa kwa ghafla mpe taarifa sheha au daktari wa mifugo kabla ya kuuza waliobaki.

Jirani wa Mwera

La mwisho kutoka kwangu. Majike wangu wa maskovi wanaruka ukuta na kulala juu ya mwembe wa jirani, na jirani ameanza kununa. Nifanye nini?

Mleta mada (Shamba la Cheju)

Maskovi ni ndege wa msituni kwa asili yake, ana kucha kali za kushikia tawi, na jike kwa wepesi wake huruka vizuri. Mkate manyoya marefu ya kurukia ya bawa moja tu, ili akiruka akose mizani. Ukikata yote mawili bado anaweza kujitahidi akapita. Usikate unyoya ambao bado unachipua na kikonyo chake kina rangi ya damu, maana utatoka damu nyingi. Kazi hii utairudia kila baada ya kunyonyoka, kwa kuwa manyoya mapya huota marefu kama ya mwanzo.